Oili, Mafuta au Ugiligili? Istilahi za Giaboksi ya Otomatiki katika Lori la Zamani

Vitabu vya matunzo ya magari ni miongoni mwa maandishi ambayo wafasiri wengi huyaona kuwa mepesi. Sentensi zake ni fupi, picha ni nyingi, na maneno mengi yalikwisha kutoholewa na mafundi wetu zamani: injini, pampu, breki, klachi, gasketi. Hata hivyo, haya ni maandishi ambayo karibu kila sentensi yake ni amri, na amri iliyofasiriwa vibaya hulipiwa kwa chuma. Katika makala haya tutaichambua sura moja tu ya vitabu hivyo, yaani ile ihusuyo matunzo ya oili katika giaboksi ya otomatiki ya lori la zamani. Sura hiyo huwa ya kurasa mbili au tatu, lakini ndani yake istilahi kadhaa hugongana kwa namna iwezayo kumpoteza mfasiri hodari, na baada yake fundi, na baada ya fundi mwenye gari.

Ili tusizungumze hewani, tumechukua mfano wa malori madogo yaliyoundwa Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, hasa yale yaliyofungwa giaboksi ya Turbo Hydra-Matic 400, ambayo kampuni ya General Motors iliitoa mwaka 1964. Giaboksi hiyo ilifungwa katika magari ya fahari na katika magari ya mizigo pia, na vitabu vyake vinajulikana mno. Hapa mfasiri hukutana na mtego wa kwanza kabla hata hajafika kwenye giaboksi. Neno ambalo Wamarekani hulitumia kwa lori huenea hadi kwenye gari ambalo sisi twaliita pikapu, na aghalabu pikapu ndiyo wanayoikusudia. Msomaji wa Kiswahili akisoma "lori" huona tani saba na turubali. Yafaa basi mfasiri aandike pikapu pale ambapo picha au uzito wa gari unaonyesha hivyo, kwa sababu vipimo vya oili vitolewavyo kitabuni ni vya gari lile lililokusudiwa wala si vya jingine. Humu tutasema lori kwa ile maana pana ya Wamarekani.

Kwa miaka mingi malori ya Afrika Mashariki yalikuwa ya gia za mkono, na msamiati wa karakana zetu ukakua pamoja na gia hizo. Huko Marekani giaboksi ya otomatiki iliuzwa kwa wingi tangu Hydra-Matic ya kwanza ilipotokea mwaka 1939 katika magari ya Oldsmobile. Ndiyo kusema kwamba vitabu vinavyofasiriwa vimeandikwa kwa watu waliokwisha kuzoea kitu ambacho lugha yetu ya karakana ilikipokea baadaye, na kilipofika kilipewa majina ya kitu kingine kilichokuwapo.

Hatuna budi kukieleza kitu chenyewe kabla ya kukipa jina. Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi huunganishwa kwa klachi, chuma kikikaza chuma, na dereva huviachanisha kwa mguu. Katika gari la otomatiki hakuna pedali ya klachi. Mahali pake pana chombo cha duara kilichofungwa pande zote na kujazwa oili, ambacho humu tutakiita konvata. Ndani yake mna magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyotazamana kama feni mbili. La kwanza huzungushwa na injini na kuirusha oili. La pili hupigwa na oili hiyo nalo likazunguka. Na kati yao pana la tatu liirudishalo oili kwa upande ufaao ili nguvu iongezeke wakati gari linapoanza kwenda. Kwa hiyo nguvu ya injini huvuka kwenda kwenye magurudumu ya gari kwa njia ya oili iliyo katika mwendo. Oili hiyo hiyo husukumwa na pampu hadi kwenye vali, na vali huipeleka nyuma ya pistoni zibanazo sahani za klachi na bendi zilizomo giaboksini. Hivyo ndivyo gia zinavyobadilika. Kisha oili hutoka kwa bomba hadi kwenye kipoza kilicho ndani ya rejeta, hupoa, hurudi, na njiani hulainisha vyuma vinavyosuguana.

Kazi ni nne, basi: kupitisha nguvu, kusukuma pistoni, kupoza na kulainisha. Kulainisha ni moja tu kati ya hizo, tena si yenye kuitofautisha oili hii na nyingine. Istilahi "kilainishi" au "mafuta ya kulainisha", ambayo tumeiona katika baadhi ya tafsiri zilizotufikia, ni sahihi kwa injini lakini hapa inapotosha. Zile sahani za klachi hutakiwa zishikane. Oili yake hutengenezwa kwa kipimo ili sahani zikutane bila kushtuka na kisha zishikane bila kuteleza. Ikilainisha kupita kiasi, klachi itateleza, itapata moto na kuungua.

Je, "mafuta" peke yake yanafaa? Neno hili ni letu na ni zuri, ila katika gari lina kazi nyingi mno. Mtu akisema ametia mafuta, ametia petroli au dizeli. Akisema amekanyaga mafuta, ameongeza mwendo. Sasa tutazame amri moja ya kawaida ya vitabu hivi ikifasiriwa kwa uaminifu wa neno kwa neno: "Angalia mafuta injini ikiwa inanguruma bila kukanyaga mafuta." Mwalimu wa ufundi anaweza kuwaeleza wanafunzi wake darasani maana iliyokusudiwa, lakini kitabu hakina mwalimu pembeni yake. Tunapendekeza neno mafuta libaki kwa kile kinachounguzwa ndani ya injini ili gari liende, na oili kwa kile kinachozunguka ndani ya vyombo. Mafundi wamekwisha kuifanya tofauti hii siku nyingi, na hatuoni sababu ya vitabu kuwa nyuma yao.

Ama "majimaji" na "maji ya giaboksi", maneno ambayo hutokea pale mfasiri anapotaka kulihifadhi lile wazo la kitu kitiririkacho, hayo tunayakataa kabisa. Sahani za klachi za giaboksi hizi hupakwa utando wa mfano wa karatasi, ulioganda kwa gundi. Maji yakiingia, utando huyanywa na gundi huachia. Msomaji anayeambiwa aongeze maji ya giaboksi, naye amezoea kuongeza maji ya rejeta na maji ya betri kutoka kwenye dumu moja, hatakuwa na kosa akifanya alivyoambiwa.

Linabaki neno ugiligili, ambalo wanafizikia wetu hulitumia kwa kila kitu kitiririkacho, hewa ikiwemo. Kwa kitabu cha shule kinachoeleza kanuni za haidroliki hilo ndilo neno halisi, maana linataja tabia inayohitajika. Kwa kitabu cha karakana tunaliona ni pana mno, na kusema kweli bado halijatoka nje ya darasa. Karakana nyingi huiita oili hii "haidroliki", kwa kuifananisha na ile ya stelingi na ya jeki. Neno hilo linaeleweka, lakini oili za haidroliki ni nyingi na si zote zilizotengenezwa kwa ajili ya klachi. Pendekezo letu ni "oili ya otomatiki" kwa vitabu vya matunzo, na "ugiligili wa giaboksi ya otomatiki" kwa vitabu vya nadharia. Tunasisitiza kwamba isiandikwe "oili ya giaboksi" bila kuongeza neno. Katika karakana zetu "oili ya giaboksi" huweza kueleweka kuwa ile nzito itiwayo katika gia za mkono na difu, na nzito hiyo ikimiminwa katika giaboksi ya otomatiki haitapita kwenye mifereji myembamba ya vali kwa kasi inayotakiwa. Kanieneo, ambayo fundi huiita presha, itachelewa, na klachi zitateleza kabla ya kushika.

Tuingie sasa katika sehemu ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, nayo ni kupima. Kila dereva anajua kupima oili ya injini: gari husimama, injini huzimwa, mtu hungoja oili ishuke, kisha huchomoa kijiti. Kwa oili ya otomatiki ya giaboksi tunayoizungumzia mambo ni kinyume. Gari liendeshwe kwanza mpaka giaboksi ipate joto lake la kawaida, lipaki mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na dereva akiwa amekanyaga breki aipitishe gia katika nafasi zake zote ili mifereji yote ijae. Kisha airudishe kwenye nafasi ya kuegesha, na injini iendelee kunguruma polepole. Hapo ndipo kijiti huchomolewa, kikafutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kikarudishwa hadi mwisho, na kuchomolewa tena kisomwe.

Sababu ni hii. Injini ikizimwa pampu husimama, na sehemu ya oili iliyokuwa inazunguka katika konvata na mifereji hurudi chini kwenye sampu. Kijiti kitaonyesha oili nyingi kuliko iliyopo kazini. Mwenye lori ambaye oili yake imepungua ataridhika kwamba imejaa, na ataendelea hivyo mpaka siku pampu itakaponyonya hewa. Kwa hiyo maneno "injini ikiwa inanguruma" si pambo la sentensi. Tumeona tafsiri ambamo yaliachwa, bila shaka kwa kudhani kwamba mwandishi amesahau mazoea. Mfasiri asimsaidie mwandishi kwa njia hiyo.

Wala asidhani kwamba amri ya gari moja ni ya magari yote. Malori ya zamani ya Dodge yenye giaboksi ya TorqueFlite hupimwa gia ikiwa katika nafasi huru, ambayo mafundi huiita nyutro, na si katika nafasi ya kuegesha; katika zile za zamani, nafasi ya kuegesha haiipi konvata oili. Mfasiri aliyefasiri kitabu cha Chevrolet mwaka jana, na mwaka huu amepewa cha Dodge, atajaribiwa kunakili ukurasa wake wa zamani. Tofauti ni herufi moja tu kwenye picha.

Juu ya kijiti chenyewe pana alama mbili zilizochongwa kwa Kiingereza, na maelezo yake katika kitabu lazima yafasiriwe. Ya chini haina shida: "Ongeza". Ya juu imefasiriwa na wengine "Jaza". Hili ni kosa linalostahili kuangaliwa vizuri, kwa sababu kisarufi halionekani. Alama ya juu inaeleza hali, nalo "jaza" ni amri. Msomaji akiona oili imegusa "Jaza", anaongeza. Iandikwe "Imejaa". Joto nalo lina sehemu yake, kwani oili ya moto huvimba, na alama hizo ni za oili yenye joto la kazi. Oili baridi iliyofika kwenye "Imejaa" itazidi ikipata moto.

Oili ikizidi hudhuru kama ikipungua, jambo ambalo wengi hulishangaa. Gia zinazozunguka huifikia na kuipiga kama mtu apigaye mayai, ikawa povu. Povu ni hewa, na hewa hukubali kubanwa. Pistoni ziliyotarajia kusukumwa na oili ngumu husukumwa na kitu laini, klachi hazikazi, joto hupanda, na oili huanza kutoka kwa tundu la kupumulia. Mwenye lori akiona oili inavuja huongeza nyingine.

Sasa ni oili kiasi gani iliyo kati ya "Ongeza" na "Imejaa"? Katika Turbo Hydra-Matic 400 ni painti moja tu, na painti hiyo ni ya Kimarekani, yaani lita 0.47. Ya Kiingereza ni lita 0.57. Hapa historia ya vipimo vyetu inatuponza. Wazee wetu wa ofisini walijifunza galoni ya Uingereza, ya lita 4.55, na majedwali ya zamani yaliyobandikwa katika kuta za ofisi nyingi ni ya galoni hiyo. Galoni ya Marekani ni lita 3.79. Tuseme kitabu kimeagiza kwati 4 baada ya kubadilisha oili. Kwa kipimo cha Marekani ni karibu lita 3.8. Mfasiri akitumia jedwali la Uingereza ataandika lita 4.5, na ziada ya lita 0.76 itazidi nafasi yote iliyopo baina ya alama mbili za kijiti. Lugha yake yaweza kuwa fasaha tupu, na giaboksi ikatoa povu. Kwa kitabu chochote cha Marekani, vipimo vigeuzwe kuwa lita kwa jedwali la Marekani, na kipimo cha asili kiandikwe pembeni pamoja na nchi yake.

Kuhusu rangi na harufu hatuna mengi ya kusema, maana Kiswahili kimejitosheleza. Oili mpya hutiwa rangi nyekundu ili ikivuja itambulike na oili ya injini. Ikigeuka kahawia na kunuka kuungua, mafundi husema "oili imechoka", nasi tunalipokea neno hilo kwa mikono miwili. Ni bora kuliko "imeoksidika", ambalo liachiwe kemia. Ikiwa na rangi ya waridi yenye utando kama maziwa, maji ya rejeta yamepenya kwenye kipoza, na hapo gari lisiendeshwe. Neno la kuchungwa ni "uchafu". Unga laini wa kijivu chini ya sampu ni mchakao wa kawaida wa klachi. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari nyingine. Kitabu cha asili huvitenganisha vitu hivi kwa maneno mawili, na tafsiri isivifunike vyote kwa neno moja. Tunapendekeza "unga" kwa cha kwanza na "chembe za chuma" kwa cha pili.

Kubadilisha oili nako kuna utata. Sampu ya giaboksi hizi mara nyingi haina nati ya kumwagia. Hufunguliwa yote, chujio hubadilishwa pamoja na gasketi, na oili iliyomo sampuni humwagika. Zaidi ya nusu ya oili hubaki katika konvata na mifereji. Kwa sababu hiyo neno "badilisha" laweza kumdanganya msomaji adhani kwamba oili yote imekuwa mpya, na afisa wa usafirishaji aandike hivyo katika daftari la gari. Kitabu kikikusudia kazi hii ya kawaida, iandikwe "badilisha oili ya sampu". Kikikusudia oili yote pamoja na ya konvata, iandikwe "badilisha oili yote". Muda wa kubadilisha hutegemea kazi ya lori, na vitabu hutenga matumizi ya kawaida na yale ya kuvuta tela, kupanda milima au kusimama na kuondoka mjini siku nzima katika joto. Hayo ya pili yaitwe "kazi nzito". Tumeyaona yakiitwa "matumizi mabaya", na dereva ambaye hamtumii vibaya mwajiri wake atadhani hayamhusu, hali lori lake lavuta tela kila siku.

Mafundi hubishana sana kama inafaa kubadilisha oili ya giaboksi ambayo haikuguswa kwa miaka mingi, kwa kuwa wengine wameona klachi zikianza kuteleza mara baada ya kutia mpya. Kwa maoni yetu oili mpya husingiziwa: klachi iliyokwisha kulika hushikiliwa kwa muda na oili iliyojaa unga wake yenyewe. Hata hivyo mfasiri hana ruhusa ya kuingiza ubishi huo, wala maoni yetu, katika kitabu kisichoutaja.

Mwisho ni majina ya oili zenyewe, na hapa lori la zamani lina matatizo ambayo jipya halina. General Motors ilitoa sifa za oili yake ya Type A mwaka 1949, ikaja Dexron mwaka 1967, kisha Dexron II katika miaka ya 1970, Dexron III mwaka 1993 na Dexron VI mwaka 2005. Oili za awali zilitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zikutane kwa ulaini, na ni baada ya Marekani kumwingiza nyangumi huyo katika orodha ya wanyama wa kulindwa, mwaka 1970, ndipo watengenezaji walipolazimika kutafuta badala yake. Ford nayo ilikuwa na Type F, isiyotiwa kilainisho hicho, ambayo hushika klachi kwa ukali zaidi; haichukui nafasi ya Dexron, wala Dexron haichukui nafasi yake. Majina haya ni nomino za pekee. Tusiandike "Aina ya F", kwa kuwa muuza duka atatafuta kopo lililoandikwa hivyo na hataliona.

Ugumu ni kwamba kitabu cha mwaka 1975 kikiagiza Dexron II, msomaji wa leo haipati dukani kwa sifa zile za mtengenezaji. Leseni za Dexron III zilikoma mwishoni mwa mwaka 2006, na General Motors imeikubali Dexron VI mahali pa zile za zamani. Je, mfasiri aandike nini? Wapo wanaobadilisha jina kimyakimya, kwa nia njema. Sisi tunaona kwamba matini ibaki na Dexron II kama ilivyo, na chini ya ukurasa pawekwe tanbihi ya mfasiri yenye mwaka wake, ikieleza kilichochukua mahali pake. Tanbihi ikichakaa itajulikana kuwa imechakaa. Jina lililobadilishwa ndani ya matini halitajulikana.

Bado hatujaridhika na neno konvata. Limeandikwa kwa kulifuata tamko la karakana, halielezi kitu, na wanafunzi wa ufundi hulichanganya na kigeuzi cha umeme. "Kigeuza-nguvu" limependekezwa, lakini giaboksi nzima ni kigeuza-nguvu. "Klachi-oili" ni fupi na lina picha, ila linaweza kudhaniwa kuwa aina ya oili. Wasomaji wenye neno litumikalo katika karakana zao wanaombwa kumpelekea katibu wa kamati ya istilahi, pamoja na jina la wilaya ambako neno hilo limesikika na aina ya gari lililokuwa likitengenezwa.